Uingereza au Dubai: watoto watasoma na kutibiwa wapi?

Familia nyingi za Mwanza zinazofunga mizigo huuliza mshahara kwanza. Ulizeni ada. Uingereza, shule ya serikali ni bure, hata kwa mtoto wa mgeni. Dubai, watoto wengi wa wageni husoma shule binafsi, kwa hiyo ahadi ya mwajiri kulipa ada iandikwe kwenye mkataba.

Matibabu Uingereza hulipiwa mapema pamoja na viza: pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, 776 kwa mtoto. Inauma, ingawa muuguzi mwenye viza ya wahudumu wa afya husamehewa. Foleni ya daktari bingwa yaweza kuchukua miezi. Dubai bima ni lazima. Mwajiri humkatia mfanyakazi, familia ni juu yako.

Mwenye watoto wanne, Uingereza. Mwenye ada iliyolipwa, Dubai.