"Mzee, mashine inajua yenyewe"

Niliwaita watu wanaopima nyufa kwa mawimbi ya sauti, ile altrasaundi ya chuma, waje waikague kreni ya karakana yangu hapa Dar. Kwenye flanji ya chini ya boriti, lile bamba lake la chini, kando ya mshono wa kuchomelea, kutu ilikuwa imechora mstari mwembamba juu ya rangi. Nimeshika welding miaka mingi. Mstari wa namna ile unaninyima usingizi.

Akaja kijana, kachelewa, shikamoo hakuna. Akapanda ngazi, akapaka jeli juu ya rangi iliyobabuka (rangi inabanduka kwa ukucha, na chini yake kuna hewa ambayo sauti haivuki!), akabandika probu moja, kile kifaa kinachotuma sauti na kuipokea ikirudi, ya kupiga wima. Dakika kumi. "Safi. Milimita 16."

Jamani, 16 ni unene wa pleti yenyewe! Alipobahatisha chuma, sauti ilishuka, ikagonga upande wa pili, ikarudi. Ufa umesimama wima kama wembe. Ukipiga kutokea juu, sauti inapita ubavuni mwake. Nikamuuliza probu ya mshazari iko wapi, na kile kipande cha chuma cha kusetia mashine kiko wapi. Akanijibu huku macho yake yapo kwenye simu: "Mzee, mashine inajua yenyewe."

Inajua yenyewe! Mashine haijui kama imewekwa juu ya chuma au juu ya ugali mpaka uiambie sauti inakwenda kasi gani humo ndani. Kwenye chuma ni kama mita 5,900 kwa sekunde kwa probu ya wima, na ya mshazari ni kama 3,200. Ukikosea hapo, kila namba inayotoka ni porojo. Na chini ya boriti ile wanapita vijana wangu.

Nilipiga simu ofisini kwao nikafoka, sikumbuki yote niliyosema. Baada ya siku chache akaja dada mmoja. "Shikamoo baba. Naomba nikaone huo mstari." Akakwangua rangi kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, akaseti mashine kwenye kipande chake, akatoa probu ya mshazari, ya digrii 70, akaitembeza zigizaga kando ya mshono. Alama ya mwangwi ikasimama kwenye kioo cha mashine. Akasogeza probu taratibu mpaka alama ikashuka nusu, akapiga chaki. Upande wa pili vilevile. Kati ya chaki na chaki: ufa wa milimita 42. Kreni ikasimama palepale.

Kwa hiyo msiwaite hawa watu. Ila dada yule muiteni hata usiku wa manane, na mashine zao hazina kosa, zote mbili zilikuwa aina moja. Sijui niwape nyota ngapi. Nilikuwa nimeshaanza kupoa, kusema kweli, mpaka ankara ilipofika: wamenitoza safari zote mbili. Na ile ya kwanza imeambatanishwa na cheti, kina muhuri, kimeandikwa "hakuna kasoro".