Rufaa ya VA kwa madhara ya mishipa ya fahamu ukiwa Mtwara: uzoefu wangu

VA, idara ya wanajeshi wastaafu wa Marekani, ikikukatalia fidia ya ulemavu au ikikupa daraja la chini, kuna njia tatu za rufaa. Dai la nyongeza nalipatia nyota nne, mapitio ya ngazi ya juu mbili, Bodi ya Rufaa tatu. Hizo ni alama za mtu anayekata rufaa akiwa Mtwara, tena kwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Aliye Texas mwenye tatizo la masikio anaweza kuzipanga vingine.

Ninaowalenga ni Waswahili waliotumikia jeshi la Marekani, wengine kupitia mpango wa MAVNI uliokuwa ukichukua wazungumzaji wa Kiswahili, kisha wakarudi kuishi kusini. Fidia ya ulemavu ya VA haikatwi kwa sababu unaishi nje, na haki ya rufaa ni ile ile. Kinachobadilika ni nani atakupima na ataandika nini.

Na shida yote iko hapo. Kanuni yao, 38 CFR 4.124a, inasema dalili zikiwa za hisia peke yake, yaani ganzi, kuwaka moto na kuchomachoma, daraja litakuwa hafifu au, likizidi sana, la wastani. Kwa neva ya siatiki, inayoshuka kutoka kiunoni hadi unyayoni, hafifu ni asilimia 10 ya ulemavu, wastani 20, juu ya wastani 40, kali yenye misuli iliyonywea waziwazi 60, na kupooza kabisa 80. Daktari akiandika "ganzi mguu wa kulia" akaishia hapo, umeshafungiwa kwenye 20 hata kama unaburuta unyayo. Anayeamua hakuoni, anasoma karatasi.

Kwa hiyo karatasi hiyo ndiyo ya kuhangaikia kabla ya kuchagua njia ya rufaa. Nguvu ya misuli iandikwe kwa namba, 0 hadi 5, kwa kila tendo: kuinua unyayo, kukanyagia vidole, kuinua kidole gumba, kukunja goti. Mwitikio wa nyundo gotini na kwenye kifundo uandikwe 0 hadi 4, ambapo 2 ni kawaida. Hisia zipimwe sehemu kwa sehemu, kuanzia paja hadi vidole. Maumivu ya kudumu, maumivu ya kuja na kuondoka, mchomo na ganzi, kila kimoja kipewe daraja lake, mguu kwa mguu. Kama shavu la mguu limenywea, lipimwe mzunguko kwa sentimita kwenye miguu yote miwili, mahali pale pale palipo na nyama nyingi. Tepe ya fundi cherehani inatosha, ajabu ni kwamba kipimo hiki cha bei ya bure ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Mwisho neva yenyewe itajwe kwa jina, maana kila neva ina jedwali lake. Neva ya mediani, inayopita kifundo cha mkono hadi vidoleni, kwenye mkono unaoutumia zaidi huenda asilimia 10, 30, 50, 70, kutoka hafifu hadi kupooza kabisa. Kwenye mkono mwingine 10, 20, 40, 60. Ripoti isiyosema kama unatumia kulia au kushoto imekuibia asilimia kimyakimya.

Njia rahisi ya kuyapata hayo yote ni kuchapisha fomu za VA zenyewe, zinazoitwa DBQ, na kumpelekea daktari ikiwa tupu siku kadhaa kabla, asije akaiona kwa mara ya kwanza foleni ikiwa imejaa nje. Iko ya mishipa ya fahamu ya pembezoni, iko ya mgongo yenye sehemu ya mizizi ya neva, na iko nyingine kabisa ya neva zilizoharibiwa na kisukari. Ukichukua ya kisukari wakati chanzo ni mgongo, umeanza kujichanganya mwenyewe. Ukiwa Mtwara mjini uliza Ligula au Hospitali ya Kanda kule Mitengo, wa Masasi waulize Ndanda, wa Lindi waulize Sokoine au Nyangao, na swali la kwanza liwe kama daktari yuko tayari kuijaza fomu yote. Madaktari wetu huandika kwa Kiingereza, hivyo tafsiri si tatizo. Tatizo ni mazoea ya nusu ukurasa na mhuri. Sahihi, tarehe na namba ya usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika visikosekane. Mpango wa VA uitwao FMP husaidia matibabu nje ya Marekani kwa ulemavu uliokwisha kutambuliwa. Gharama ya kujaziwa fomu ihesabu ni ya mfukoni kwako.

Usikimbilie Dar kwa ajili ya kipimo cha umeme wa neva. Fomu yenyewe inaeleza kuwa ni nadra kuhitajika dalili zikiwa wazi, na majibu yake yanaweza kuwa ya kawaida ilhali nyuzi nyembamba za neva zimeharibika.

Kuna na sentensi ya chanzo. VA inataka uwezekano usiopungua nusu kwa nusu kwamba tatizo limetokana na utumishi, au na ulemavu mwingine wanaokulipia tayari. "Inaweza kuwa" haitoshi. Huo huhesabiwa ubashiri. Daktari aseme nusu kwa nusu au zaidi, kisha aseme kwa nini: diski ya kiunoni imebana mzizi fulani, na ganzi inafuata njia ya mzizi huo huo. Kama mgongo unalipwa tayari, neva zinazotokana nao hupimwa peke yake na kuongezwa. Miguu yote miwili ikipewa 20 na 20, huunganishwa kuwa 36, huongezwa moja ya kumi ya 36 kwa kuwa ni pande mbili, inakuja 39.6 na kukadiriwa hadi 40.

Maelezo ya jirani au mwenza kwenye Fomu 21-10210 yana uzito yakiwa ya macho. Kandambili inavuka mguuni naye hajui. Ameacha kuendesha pikipiki kwa sababu hausikii mguu kwenye gia. Anabangua korosho huku vidole vinakatwa bila kuhisi. "Anateseka sana" haisaidii kitu.

Sasa njia tatu, zilizoanza tarehe 19 Februari 2019. Dai la nyongeza, Fomu 20-0995, linapokea ushahidi mpya unaohusika, na ndiyo maana nimelipatia nyota nne: ripoti mpya ya daktari wa hapa ni ushahidi mpya. Mapitio ya ngazi ya juu, 20-0996, hayapokei karatasi mpya hata moja. Yanafaa pale tu ripoti nzuri ilikuwamo tayari ikarukwa, au uchunguzi wao ulikuwa na mapungufu yanayoonekana kwenye faili. Unaweza kuomba mazungumzo ya simu, lakini wanajaribu kupiga mara mbili tu, na saa tatu asubuhi ya Washington ni saa kumi jioni huku, au saa kumi na moja wakiwa kwenye majira ya baridi. Mwenye mwakilishi kule amwachie yeye simu hiyo. Bodi, Fomu 10182, ina mlango wa moja kwa moja, yaani faili lisomwe lilivyo, mlango wa ushahidi wenye siku 90 za kuuleta, na mlango wa kusikilizwa mbele ya jaji. Majaji husoma kwa makini; subira ndiyo ghali.

Kabla ya kuchagua, omba nakala ya faili lako kwa Fomu 20-10206 usome walichoandika waliokupima. Barua ya uamuzi peke yake haikuonyeshi yote. Una mwaka mmodi kuanzia tarehe iliyo kwenye barua, siyo siku ulipoipokea, na ukichelewa unapoteza tarehe ya kuanza kulipwa, yaani malimbikizo. Pandisha nyaraka mtandaoni uhifadhi uthibitisho. Posta ya kwenda Janesville, Wisconsin, wanakopokelea nyaraka za madai, ni ya kukimbiza presha bure.

Mawakili na mawakala: awe na kibali cha VA. Wa vyama vya wastaafu hawatozi. Wakili hawezi kukutoza kwa dai la mwanzo. Kwenye rufaa asilimia 20 ya malimbikizo huhesabiwa kuwa ya haki, na inayozidi theluthi moja huhesabiwa kupita kiasi. Anayedai sehemu ya malipo yako ya kila mwezi ijayo, mkatae. Bodi ikikukatalia, Mahakama ya Rufaa ya Madai ya Wastaafu inakupa siku 120, na hapo ndipo mimi ningemlipa mtu.