Teksi nyeusi za London: huduma safi, ila hizo stori za nyasi na farasi tuziache jamani

Nimezipanda sana hizi teksi nyeusi na leo nataka niziandikie vizuri, maana kila nikisoma maoni ya wengine naona watu wanalalamikia bei weee, wakimaliza hapo wanarusha zile stori za sheria za ajabu za enzi za farasi, na stori zenyewe nyingi ni uongo mtupu. Kinachoniuma ni kwamba sheria za kweli za wakati ule ndio zinamlinda abiria mpaka leo, alafu hamna anayezitaja.

Chukua hii ya nyasi. Utaambiwa dereva wa teksi London kisheria lazima abebe robota la nyasi kavu kwenye buti, na kuna muongoza watalii mmoja (kampuni yake siitaji) nilimsikia anawaambia watu kwa uhakika kabisa kwamba sheria bado ipo ila polisi wameamua kuipotezea tu. Hapana, haijawahi kuwepo. Kilichokuwepo ni sheria ya magari ya kukodi ya London ya mwaka 1831, ambayo ilimkataza dereva kumlisha farasi ovyo ovyo barabarani, yaani alitakiwa ampe nafaka kwenye ule mfuko wa kulishia au nyasi alizozishika kwa mkono wake mwenyewe, bas. Na ukitulia ukafikiria inaingia akilini kabisa, magari yamepanga foleni mjini, kila dereva amwage lundo la majani chini, farasi wale wakanyage na wafanye na mambo yao hapohapo, hiyo barabara mtu anapitaje? Ilikua sheria ya usafi wa mji. Leseni ya mwisho ya gari la farasi London ilirudishwa 1947 ila hicho kifungu kimekuja kufutwa 1976, kwahiyo kilikaa vitabuni karibu miaka 30 hakina farasi wa kumhusu, na mimi naamini hapo ndipo stori ilipoota mizizi.

Ile ya dereva kuruhusiwa kukojoa kwenye gurudumu la nyuma mradi mkono wa kulia umeshika gari, hiyo msiirudie hata kwa utani, sheria ya 1831 haina kifungu hicho na inawadhalilisha watu wanaofanya kazi kwa heshima.

Ya tauni angalau ina mguu mmoja kwenye ukweli. Watu wanasema dereva lazima amuulize kila abiria kama ana ndui au tauni, kumbe wameigeuza. Sheria ya afya ya umma ya 1984 ilimpa wajibu abiria mwenyewe, kama una ugonjwa wa kuambukiza ulio kwenye orodha ya serikali umwambie dereva kabla hujapanda, na dereva akishambeba mgonjwa wa namna hiyo atoe taarifa na gari lipigwe dawa kabla hajapakia mwingine. Sasa hiyo baada ya Korona kuna mtu bado anaiona ya kuchekesha kweli?

Alafu kama mnapenda sheria za kale zilizo hai, zipo! Ile ya 1872 inayokataza kulewa ukiwa unaendesha gari la kukokotwa, au unaswaga farasi au ng'ombe, au una injini ya mvuke, bado inatumika Uingereza.

Sasa huduma yenyewe. Jambo namba moja ambalo msafiri anatakiwa alijue, dereva akiwa kituoni au akishasimama kukuchukua hana ruhusa kukukataa bila sababu ya msingi kama safari haizidi maili 12 (kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow ni maili 20) au saa moja. Hiyo imetoka moja kwa moja kwenye enzi za farasi, sheria ya 1831 ilishasema gari likiwa limesimama barabarani linasubiri abiria basi dereva lazima aende na anayemhitaji. Nilikua na shangazi yangu anatumia kiti cha magurudumu, tunakwenda karibu tu, safari ya nauli ndogo ambayo sehemu nyingine dereva angejifanya hajakuona, na huyu alishuka mwenyewe kwenye mvua, akavuta ule ubao wa mteremko unaotokea chini ya mlango wa ubavuni, akamsukuma shangazi taratibu mpaka ndani, akafunga mikanda ya kiti mmoja mmoja akiivuta kuhakikisha, na wakati wote huo mita ilikua haijawashwa. Teksi zote nyeusi zinaingiza kiti cha magurudumu, sio moja kati ya kumi, zote, na shangazi hakulipa hata senti ya ziada. Mimi hapo ndipo waliponipata.

Ujuzi wa njia nao sio wa kubahatisha. Mtihani wao ulianza 1865, enzi hizohizo za farasi, na mpaka leo wanakariri njia 320 na mitaa kama 25,000 iliyo ndani ya maili sita kutoka Charing Cross (pale katikati ya London), watu wengi inawachukua miaka mitatu minne kumaliza. Utaona tofauti barabara ikifungwa ghafla, dereva anakata kushoto anaingia kwenye kichochoro ambacho simu yako hata haijakipendekeza. Gari nalo linageuza hapohapo maana kanuni inayotaka teksi iweze kugeuka ndani ya duara la futi 25 ipo toka 1906.

Ukiwa huko nenda pia kwenye vibanda vya kijani vya madereva, kipo kimoja Russell Square. Vilianza 1875 kwa sababu dereva hakuruhusiwa kuliacha gari lake na farasi kituoni bila mtu, kwahiyo kwenda kula ilikua lazima amlipe mtu wa kumshikia, na baridi ile wengi waliishia kilabuni. Ndio vikajengwa vibanda palepale kituoni na kwa kuwa vimekaa kwenye barabara ya umma havikuruhusiwa kuzidi ukubwa wa farasi na gari lake, ukikiona utashangaa jiko na meza vimeenea vipi humo. Pombe, kamari na matusi marufuku. Vilijengwa 61, vimebaki 13. Ndani wanakaa madereva tu ila wewe unaagiza dirishani, mkate na soseji unapewa wa moto na chai ya rangi ya kueleweka, na dirishani hapo kaa kidogo usikilize mazungumzo yao maana utajua mji unavyoenda.

Mabaya yapo. Bei ni kubwa, tusidanganyane, mita inahesabu umbali na muda kwahiyo foleni unailipia, na usiku na wikiendi inapanda zaidi. Kadi wanatakiwa wapokee wote toka 2016, asikuambie mtu mashine imekufa, muulize kabla hujapanda.

Lingine sio kosa la madereva. Nje ya London leseni za teksi England bado zinasimamiwa na sheria ya 1847 iliyoandikwa kwa ajili ya farasi, tume ya kurekebisha sheria ilishapendekeza 2014 ziandikwe upya na bado wanaburuza miguu. Mimi naunga mkono ziandikwe upya, lugha ile mwananchi wa kawaida haielewi, ila wakifuta ule wajibu wa kutomkataa abiria watakua wamewatupa watu kama shangazi yangu, maana programu za simu za kuitia usafiri zinaweza kukufutia safari dakika yoyote.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Kwa safari fupi, mzigo mzito, mzee au mtu wa kiti cha magurudumu usifikirie mara mbili, gawaneni nauli maana siti za abiria ni mpaka sita. Kutoka Heathrow kuja mjini kama uko peke yako na begi moja panda treni tu.