Simu Mpya ya Bei ya Kati au ya Daraja la Juu Iliyotumika?
Kwa bajeti ileile, mtu anaweza kupata simu mpya ya bei ya kati au simu ya daraja la juu iliyotumika miaka mitatu.

Kwa kamera, iliyotumika huongoza, hasa usiku, kwa kuwa kihisi chake kikubwa hukusanya mwanga zaidi na lenzi yake hutulizwa mkono unapotikisika. Lenzi ya ziada ya megapikseli 2 inayobandikwa kwenye simu nyingi za bei ya kati ni pambo tu, na ingekuwa heri iachwe. Umbo la kioo na chuma la simu hiyo iliyotumika huvutia, ingawa gundi inayozuia maji hudhoofika kadiri miaka inavyopita. Prosesa yake bado ina kasi, ila masasisho ya usalama yatakoma mapema.

Betri ndiyo hugeuza hesabu. Betri nyingi za lithiamu hubuniwa kubaki na takribani asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 ya kuchaji, ilhali simu nyingi mpya za bei ya kati huja na betri ya mAh 5,000 kamili (mAh ni kipimo cha chaji inayohifadhiwa). Anayeshinda mbali na umeme achukue mpya. Mpenda picha mwenye fundi mwaminifu wa kubadilisha betri atafaidi zaidi iliyotumika.