Taa za maua ya karatasi kwa meza za harusi: zipi za kununua kwanza

Tukienda Kariakoo kutafuta vifaa vya maua ya karatasi, wengi wetu tunahangaika na karatasi. Taa tunazichukua mwishoni, kwa hela iliyobaki. Nilifanya hivyo kwenye sendofu ya mdogo wangu: meza 25, maua 5 kila meza, wiki tatu za kukata na kubandika. Wageni walipoingia ukumbi uliwaka vizuri mno. Keki ilipoletwa, nusu ya meza zilikuwa zimefifia. Ua lililopinda utalinyoosha hata dakika ya mwisho, lakini betri iliyokufa mbele ya wakwe huna la kuifanya. Kwa hiyo anza na taa.

Nafasi ya kwanza naupa waya mwembamba wa shaba wenye balbu ndogo za LED na kisanduku cha betri 2 za AA, zile tunazoweka kwenye saa ya ukutani. Betri hizo mbili hutoa volti 3, kiasi kinachoitosha LED nyeupe. Waya unauzungusha kwenye bua, balbu unaipenyeza katikati ya petali, na joto lake ni dogo mno kuunguza karatasi. Wa mita 2 wenye balbu 20 unatosha maua 5, balbu 4 kila ua. Kasoro yake ni kisanduku, lazima ukifiche ndani ya kopo lililozungushiwa utepe au chini ya chungu. Kubali usumbufu huo, kwa sababu nguvu yote iko humo. Betri ya AA ya alkalini hubeba zaidi ya mAh 2,000 (mAh ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi). Betri bapa ya CR2032, ile ya mfano wa kifungo, hubeba kama 220. Sherehe ya kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 usiku inataka ile ya kwanza. Meza 25 ni betri 50. Ongeza 10 za akiba. Za kuchaji usizitumie hapa. Kila moja hutoa volti 1.2, mbili zinakuwa 2.4, na mwanga unafifia tangu mwanzo.

Ya pili ni mishumaa ya betri. Inafaa ukitengeneza ua moja kubwa lililofumbuka, mfano wa yungiyungi, mshumaa ukakaa katikati. Chagua yenye kifuniko cha betri kilichofungwa kwa skrubu, sababu nitaieleza hapo chini.

Taa za USB zinazotumia pawabenki naziweka ya tatu, na kwa meza kuu tu. Zijaribu kwanza: pawabenki nyingi hujizima zikiona umeme unaovutwa ni mdogo sana.

Ya nne ni nyaya za betri za kifungo. Ndizo nilizonunua mimi. Ni ndogo, zinajificha zenyewe, na bei yake inavutia, lakini usiku mzima haziwezi. Kubwa kuliko hilo, mtoto akimeza betri hiyo inaweza kumuunguza umio ndani ya saa 2, na harusi zetu watoto hupita chini ya kila meza. Mimi sizinunui tena, na ndiyo maana kwenye mishumaa ya betri nikataka kifuniko cha skrubu.

Taa za kuchomeka ukutani ziachie pazia la nyuma ya maharusi. Nyaya zikipita sakafuni watu watajikwaa. Mshumaa wa moto ndani ya karatasi, hapana kabisa.

Rangi ya mwanga nayo ni muhimu. Tafuta boksi lililoandikwa karibu na 3000K, mwanga wa njano tulivu. Ule wa 6000K, mweupe wa kibuluu, hulifanya waridi la krimu lionekane la kijivu, na picha zote zitatoka hivyo.

Kwenye karatasi, petali zitengeneze kwa krepu: inapitisha mwanga na inashika umbo. Mikunjo yake ielekee juu na chini ya petali, ndipo utaweza kuivuta kwa vidole gumba ikatoa tumbo la ua. Tishu inapendeza zaidi ikiwaka, ila kwa unyevu wa Dar au Tanga hulegea haraka. Manila inazuia mwanga, iachie majani na kitako. Kabla ya kununua krepu nyekundu au zambarau kwa wingi, lowesha kipande ukikandamize juu ya kitambaa cheupe. Ikitoa rangi, glasi moja ya maji ikimwagika itaharibu kitambaa cha meza.

Dukani washa kila waya, upindepinde ukiwa umewaka, fungua kisanduku uone springi hazina kutu. Nunua zote siku moja kutoka boksi moja, maana njano za maboksi mawili huwa hazifanani. Nyumbani acha waya mmoja uwake saa 6 mfululizo kabla hujaanza kubandika. Betri zitie asubuhi ya sherehe yenyewe. Ukizitia mapema, swichi zikigongana kwenye boksi njiani taa zitajiwasha na kuimaliza nguvu kabla hamjafika ukumbini.