Kalamu ya leza ya kijani ya Kariakoo: inunue kwa rifleta, si kwa Mwezi

Kalamu nene za leza ya kijani zinazouzwa Kariakoo, zile za betri moja ya 18650, hunadiwa kwamba mwanga wake unafika Mwezini na kugonga vioo vilivyoachwa huko na wanaanga wa Apollo. Kufika unafika. Kuuona ukirudi, sahau. Mwale wake hupanuka kama milimita 1 kila mita, hivyo baada ya kilomita 384,400 umekuwa duara la upana wa karibu kilomita 380. Kituo cha anga cha Apache Point, New Mexico, Marekani, hulenga vioo hivyo kwa kupitisha leza kwenye darubini ya mita 3.5 ili duara libaki kilomita 2 hivi, na bado kila pigo hurudisha chembe moja moja za mwanga, au hata isirudi yoyote.

Kinachoifanya kalamu hii istahili pesa ni kuonyesha jinsi vioo hivyo vinavyofanya kazi. Toboa kadi ngumu nyeupe, pitisha mwale kwenye tundu, ulenge rifleta ya baiskeli iliyo mita 4 mbele. Mwanga utarudi kuzunguka tundu lile lile. Inamisha rifleta kidogo: bado unarudi hapo hapo, kwa sababu ndani yake kuna vipembe vya nyuso tatu, kama kona ya chumba, vinavyorudisha mwanga ulikotoka. Tumia rifleta nyeupe ya mbele. Nyekundu humeza kijani, na hapo ndipo watu wengi hudhani kalamu ni mbovu. Vioo vya Mwezini ni vipembe vya aina hiyo hiyo, yaani prizimu: Apollo 11 na 14 ziliacha 100 kila moja, Apollo 15 ikaacha 300, kila prizimu upana wa sentimita 3.8.

Ukimfundisha mtu kwamba binadamu walitua Mwezini, usiishie kusema "leza ilirudi". Mwaka 1962 watafiti wa MIT walishapokea mwanga wa leza uliodunda kwenye udongo mtupu wa Mwezi. Tofauti iko kwenye muda: mwanga wa udongo hurudi umetawanyika, wa vioo hurudi kwa mkupuo mmoja mkali, baada ya sekunde 2.5 hivi, na kutoka sehemu zile zile walikotua wanaanga. Tena Lunokhod, magari ya Wasovieti yasiyo na watu yaliyoendeshwa Mwezini kutoka Duniani, nayo yana vioo. Kwa hiyo vioo peke yake havitoshi: viunganishe na kilo 382 za mawe na udongo walizorudi nazo wanaanga, na picha za LRO, chombo cha NASA kinachozunguka Mwezi, zinazoonyesha njia walizokanyaga wanaanga.

Kasoro zake ni za hatari. Nguvu iliyoandikwa kwenye lebo usiiamini. Nyingi za bei rahisi hazina kichujio cha infraredi, mwanga usioonekana unaoweza kuunguza jicho bila jicho kupepesa, na miwani ya jua haisaidii. Usiiwashe zaidi ya nusu dakika mfululizo. Kristali ya ndani inayotoa kijani ikipata joto, mwanga hufifia. Ukiitoa kwenye chumba chenye AC, subiri ukungu wa lenzi ukauke, la sivyo doa litatawanyika. Na usiielekeze kamwe kwenye ndege zinazoshuka Uwanja wa Julius Nyerere: mwale huo unampofusha rubani akiwa bado mbali.