Nyasi za bustani ya nyumbani Dar es Salaam: ipi ununue, na kwa nini raigrasi iwe ya mwisho

Kwa uwanja unaopigwa jua kutwa, nunua ukoka (Cynodon dactylon). Hutambaa juu ya udongo na chini yake pia, hivyo mahali palipochakazwa na miguu ya watoto hujiziba penyewe. Udhaifu wake ni kivuli, na chini ya mwembe ni afadhali upande nyasi ya Pemba (Stenotaphrum dimidiatum), yenye jani pana, ambayo pia huvumilia upepo wa bahari. Nafasi ya tatu ni paspalumu (Paspalum vaginatum), ingawa kwa nyumba ya Kigamboni yenye kisima cha maji ya chumvi ningeiweka ya kwanza bila kusita.

Raigrasi naiweka mwisho, japokuwa picha iliyo kwenye pakiti ya mbegu zake hupendeza kuliko zote. Ziko aina mbili zinazouzwa zaidi: Lolium perenne, ya kudumu, ambayo jani lake changa hutoka likiwa limekunjwa katikati, na Lolium multiflorum, ya mwaka mmoja au miwili, ambayo jani lake hutoka likiwa limeviringishwa na mbegu zake huwa na nywele ngumu nchani. Zote huota upesi, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili, na hapo ndipo mnunuzi anapovutika. Lakini hukua kwa mashada na hazitambai kama ukoka, hivyo pengo likitokea hubaki pengo. Kubwa zaidi ni joto: raigrasi hustawi karibu na nyuzi 20 za Selsiasi, na joto likipita 30, kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia) kinachonasa kabonidioksaidi ndani ya jani huzidi kunasa oksijeni badala yake, mmea ukapoteza sehemu ya chakula chake. Zile nyasi tatu za kwanza hukusanya kabonidioksaidi kwanza na kuifikisha kwa wingi kwenye kimeng'enya, ndiyo maana jua la Februari haliziangushi. Mwenye uwanja Njombe au Lushoto, kwenye baridi ya milimani, anaweza kufikiri vingine.

Vipande vya nyasi vinunuliwe masika yanapoanza, navyo vikaguliwe upande wa chini kabla ya kulipa. Ukiona vitunguu vidogo vyeusi vya gugu liitwalo ndago, kataa mzigo wote, kwa sababu kung'oa majani yake hakuviondoi vitunguu hivyo ardhini.